Salha, Piko Nimeimwaga

Salha,

Umetoka hapa baada ya chakula cha mchana kwenda Fuoni kumuaga baba yako, na najua utachelewa, maana mkewe hatakuachia mpaka ule tena. Nimetia komeo mlango wa chini. Nimekaa ukumbini, mkoba wako uko wazi mbele yangu na nshaupekua. Usishtuke. Mama anayekwambia hapekui mkoba wa mwanawe ni mwongo, au hana mwana.

Sikuandikii namna ya kukaa na shangazi yako huko Dar, wala uvae nini kazini, wala ule nini kwenye boti usitapike. Hayo umeambiwa na mtaa mzima wa Kiponda tangu juzi, na nusu yake ni upuuzi. Mie nakuandikia habari ya nywele zako. Nnakujua, hapa utaguna useme, "Mama naye na nywele zake." Guna, halafu endelea kusoma. Nimeshindwa kukwambia kwa mdomo kwa sababu mie na wewe tukianza kuzungumza, neno la tatu tunagombana, na la nne unanigeuzia sikio lako bovu makusudi. Karatasi huwezi kuigeuzia sikio.

Kwetu sisi mtoto akitimia siku saba hunyolewa. Kwa watu wengine hiyo ni shughuli: mashangazi mkekani, udi unafuka, mtoto anapitishwa mapajani kwa huyu na kwa yule. Kwetu mlango ulikuwa ukifungwa. Bibi yako Bi Kijoli, mama yangu, Mungu amrehemu, aliingia chumbani na wembe wake, yeye na mama wa mtoto tu, na walio nje wakaambiwa mtoto ana mafua. Ukoo mzima watoto wetu walikuwa na mafua siku ya saba! Aliyezaliwa na nywele nyeusi tupu alipona mafua palepale, akatolewa kuonyeshwa. Aliyezaliwa na kishungi cheupe hapa juu ya paji la uso alinyolewa kikaisha, nywele zikazikwa uani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kufichwa. Msichana alifichwa kwa piko, akapakwa nywele ziwe nyeusi. Mvulana alifichwa kwa wembe kila Ijumaa, na kofia juu yake. Mie nilikuwa wa piko, na wewe pia.

Ukimuuliza Bi Kijoli sababu, alikwambia watu wana macho. Walikuwapo waliosema kishungi ni alama ya jini, na waliosema bibi zetu walizaa na Mreno. Nani ataleta posa nyumba hiyo? Kwa hiyo tukaoana wenyewe kwa wenyewe, mtoto wa ami na mtoto wa ami, tukajisifu kwamba damu yetu hatuimwagi nje. Hebu liangalie hilo vizuri, Salha. Tulificha nywele ili tuoleke, na kwa kuzificha tukabaki hatuna wa kutuoa ila wenye nywele hizohizo.

Piko ndiyo iliyonipa kazi. Nilianza kujipaka mwenyewe mbele ya kioo kwa mswaki mkuukuu, nikachomeka paji la uso mpaka nikajua kipimo, na nilipokwishajua nikaanza kupamba maharusi. Wewe pia nilikuchoma. Ile alama uliyonayo karibu na utosi, unayowaambia wenzako kwamba ulianguka, hukuanguka. Ulikuwa hujaanza hata chuo cha Kurani. Ulilia nikakuziba mdomo, kwa sababu jirani alikuwa ngazini.

Baba yako ni mtoto wa ami yangu. Ukiniuliza kama nilijua kuwa naye anacho, ntakwambia nilijua na sikujua. Kijana akikaa miaka yote na kichwa kinachong'aa kama sinia, unataka uambiwe nini tena? Tulipooana, hatujamaliza hata mwezi, alishikwa na homa, Ijumaa ikampita hajanyoa. Nikamwona kitandani nywele zimeanza kuota, mbele nyeupe pe. Nami piko yangu ilikuwa imekwisha. Nikavua mtandio nikamwonyesha mizizi ya zangu. Tulicheka, Salha! Tulicheka mpaka jasho likamtoka na homa ikashuka. "Kumbe tumefanana, Mwanakheri," akanambia. "Damu haikupotea njia." Bi Kijoli alipotusikia aliingia, akatutazama vichwa vyetu viwili, akaenda kutupikia mkate wa kumimina. Nilikula nikaona fahari. Hakuna siku niliyokuwa mjinga zaidi ya siku ile.

Ukazaliwa wewe. Kishungi, wembe, mafua. Tukasema alhamdulillah.

Kisha akazaliwa Haitham. Wewe umeambiwa ulikuwa na mdogo wako akafa kwa homa. Aliyekwambia ni mie, na nilikudanganya. Haitham hakuugua homa hata kidogo. Haitham alizaliwa na nywele nyeupe zote za mbele, na nyusi nyeupe, na macho ya rangi ya buluu ya kufulia. Hayo ningeyapaka, ningeyafunika, ningesema lolote. Lakini mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani na haikunjuki. Mkunga alijaribu kuunyoosha mmoja, kwa upole, ukarudi. Mabegani hapakuwa na nyama. Ilikuwa mikono ya kuku aliyekwisha nyonyolewa, na nakwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na mie ndiye niliyeishika. Hata pumzi ilimshinda. Alikuwa akivuta kidogo, anapumzika, anavuta tena, na kila akipumzika mie nasema basi.

Baba yako aliingia, akamtazama, akatoka. Hakumbeba. Shangazi yako Zuwena alikuja na boti kutoka Dar, akasimama mlangoni mwa chumba na viatu mkononi, mbele ya watu akaniuliza, "Mwanakheri, umekula nini wewe na mimba hii?" Yeye Zuwena nyumbani kwake alikuwa na mtoto wa kiume anayemnyoa kwa mkono wake mwenyewe, na anajua anachokinyoa. Mtoto huyo ni Nassor wako.

Haitham hakufika siku ya saba. Na sasa nakwambia jambo ambalo hata baba yako halijui. Mwosha maiti alipokwisha kumwosha, kabla ya sanda, Bi Kijoli alininong'oneza, "Lete piko. Wanaume watamwona wakimteremsha." Nami nilinyanyuka, Salha. Damu ya uzazi inanitoka, nikenda jikoni, nikakoroga piko kwenye kibakuli, nikarudi na mswaki. Mwosha maiti akanishika mkono. Alikuwa mwanamke wa shamba, hanijui simjui. Akaniuliza, "Mnampamba kwa harusi gani?" Nikaweka kibakuli chini. Mwanangu aliingia kaburini na nywele zake kama alivyoumbwa, na katika ukoo wetu ni yeye tu.

Watu husema mficha uchi hazai. Wallahi waongo. Sisi tulificha, na tukazaa, na tulichokizaa ndicho hicho.

Baba yako aliniacha mwaka uleule. Talaka hakunipa yeye, aliipeleka kwa Bi Kijoli kama mtu anayerudisha sufuria. Maharusi nao wakanikimbia msimu mzima, maana nani atamkabidhi mwanawe mikono iliyozaa mikono ile? Baba yako akenda kuoa Makunduchi, mtu baki, na huko amepata watoto wanne wazima. Wawili kati yao umewaona leo. Wana kofia ndani ya nyumba, jua kali, feni imeharibika, na wamevaa kofia. Umejiuliza kwa nini?

Mie nikabaki na wewe, na ninavyokujua, haya yafuatayo huna haja ya kuambiwa, ulikuwapo. Lakini hujapata kuyasikia kwa upande wangu. Kwetu mtoto akiitwa huitika "Naam", na asiyeitika, aibu ni ya mama yake. Nami nilikuwa nimeaibika vya kutosha. Nikikuita kutoka jikoni, wewe umekaa dirishani, kimya kama gogo. Nikikuita kutoka ngazini, "Naam mama!" mara moja. Nikasema huyu anachagua. Angekuwa kiziwi asingeitika siku zote. Huyu ni jeuri, ana kiburi cha baba yake. Basi nikawa nakupiga. Mie mkono wangu ni wa shoto, kofi langu huangukia kulia. Sikio lako la kulia, hilo moja Mungu alilokubakishia, ndilo nililokuwa nikilipiga miaka yote ili la kushoto lisikie.

Siku moja, ulikuwa darasa la pili, ulinambia, "Mama, niite huku," ukajionyesha sikio. Nikakupiga kwa kunifundisha namna ya kuita.

Siombi unisamehe. Ukinisamehe ntajisikia vizuri, na sioni kwa nini nijisikie vizuri. Nakuandikia ujue jinsi mtu anavyoweza kuwa na jibu mbele ya macho yake, linasema, linaonyesha kwa kidole, na yeye akaona utovu wa adabu.

Waliokugundua ni watu baki. Ulipokuwa chuoni Tunguu, mwenzako wa bweni aliona kila siku unagombania kiti cha upande wa kushoto wa ukumbi, ukikikosa unatoka darasani hujaandika kitu. Yeye akakushika mkono mpaka hospitali. Nami nikaja, nadhani ni nta imeziba sikio. Daktari alikuwa msichana, rika lako au amekupita kidogo. Alikupima sikio, akakufunua mtandio akaiona mizizi, akakupima pembe za macho yako kwa rula ndogo, jinsi zilivyoachana. Halafu akanigeukia mie. "Na wewe, mama?" Toba! Mtoto wa juzi ananiuliza nywele zangu mbele ya nesi. Nilitaka kuondoka. Wewe ndiye uliyenivua mtandio, na hukuniomba ruhusa.

Alitutoa damu sote wawili zikapelekwa mbali. Majibu yaliporudi ulikuwa kwenye mitihani, nikenda peke yangu. Swali la kwanza aliloniuliza, "Mama, kuna mtoto mwingine aliyefariki?" Nikasema hakuna. Akaweka kalamu chini. Alijua kungoja, yule msichana. Nikamwambia.

Alichonieleza nakuandikia kama nilivyokielewa, na hesabu zake utazitafuta mwenyewe, umesoma. Kuna jeni inaitwa PAX3. Jeni ni maagizo, yamo katika kila chembe ya mwili wako, na kila agizo unalo mara mbili, moja la baba na moja la mama. Agizo hili hutoa protini, lakini protini yenyewe haijengi kitu, si nyama, si nywele, si rangi. Kazi yake ni kuamrisha. Inakwenda kukaa juu ya jeni nyingine, hii inaiambia amka, ile inaiambia nyamaza. Nikamwambia, "Kumbe mnyapara." Akacheka. "Ndiyo mama, mnyapara hasa."

Mtoto akiwa tumboni, hajafika hata ukubwa wa kunde, kuna chembe zinazoanzia mgongoni mwake na kusafiri. Nyingine ndizo zitakazotia rangi kwenye ngozi na nywele na macho. Baadhi ya hizo hizo za rangi huingia ndani kabisa ya sikio, na huko zisipofika, sikio halisikii. Hilo lilinishangaza, kwamba sikio linataka rangi mahali pasipoonekana na mtu. Na kuna chembe nyingine, za misuli, zinazohama kutoka ubavuni mwa uti wa mgongo kwenda kujenga mikono. Wote hao wanamsikiliza mnyapara huyo. Nakala moja ikiharibika, amri zinatoka nusu, na wenye rangi hawafiki wote. Mmoja atakosa nywele tu, kama mie. Mwingine nywele na sikio, kama wewe. Mwingine macho. Nani atakosa nini, hakuna daktari anayeweza kukwambia kabla. Nakala zote mbili zikiharibika, mnyapara hayupo kabisa. Hata wajenzi wa mikono hawaendi. Huyo ni Haitham.

Alisema pia jeni hiyohiyo inaweza kukatika kwa mtoto yeyote, bila kurithiwa, ikaungana na nyingine isiyo jirani yake, na hapo huleta saratani ya misuli. Akaona uso wangu akawahi, "Hiyo si yenu mama, usiichukue." Nikamwambia sina pa kuiweka. Ugonjwa wetu una jina la daktari wa Kizungu, aliniandikia nikaliacha palepale mezani. Kwetu ulikuwa na jina tayari, ulikuwa ukiitwa mafua.

Wewe nilikwambia nusu. Nilikwambia sikio na nywele ni jambo moja, la kuzaliwa, wala si jeuri yako. Ulilia siku ile mpaka ukalala chini, nami nikasema hiyo inatosha. Nusu ya pili nikaikalia. Halafu Nassor akaleta posa.

Nilimpigia baba yako. Nikamwambia yote, jeni na mnyapara na Haitham. Akanambia, "Mwanakheri, mpaji ni Mungu, usimzibie mtoto riziki yake." Nikamwambia, "Basi safari hii njoo umbebe wewe." Akakata simu.

Siku walipokuja wazee wake, unakumbuka nilimwita Nassor jikoni anishushie sufuria kubwa ya pilau? Ulinicheka kwamba namtumikisha mgeni. Sufuria ilikuwa chini muda wote. Nilifunga mlango nikamwambia, "Vua kofia."

"Mama mdogo?"

"Nimesema vua."

Akavua. Alikuwa amenyoa asubuhi ileile, kichwa kinanukia sabuni, lakini ngozi hainyoleki. Hapa mbele ana baka jeupe, kama mahali palipoangukiwa na unga. Nikamuuliza nani anajua. "Mama," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kunyoa." Nikamuuliza kama wewe unajua. Akatazama chini. "Nlidhani ntamwambia tukishaoana."

"Na sisi tulidhani hivyo hivyo," nikamwambia. Nikamweleza habari za mdogo wako, na mikono yake, na kuku. Kila nilichokwandikia hapa nilimwambia, sikumpunguzia. Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia, na nazi nusu bado iko menoni. Nikamwambia na nywele zako, na sikio lako. Sikio hakulijua, Salha! Mwaka mzima unatembea kushoto kwake ili sikio zima liwe upande wake, na yeye akidhani ni adabu. Alilia. Nilimwacha alie, nikaenda kuwamiminia wazee sharubati.

Najua sasa hivi unanichukia. Umesimama, barua iko mkononi, unasema mama huyu ana roho mbaya. Nnayo. Roho nzuri alikuwa nayo Bi Kijoli, aliyetupikia mkate.

Sikukatazi kumpenda. Nilimpenda baba yako kuliko unavyompenda huyo, na uthibitisho ni kwamba mpaka leo namjua akija ngazini kwa kikohozi. Lakini lielewe hili kabla hujaingia kwenye nyumba ya Zuwena. Damu yako imepimwa. Ya Nassor haijapimwa, ila baka lake nimeliona kwa macho yangu, na ukoo wake ndio wangu. Ikiwa naye anayo, basi kila mimba yako ina milango minne. Mmoja mtoto atatoka mzima hana kitu. Miwili atatoka kama sisi. Wa nne ni Haitham. Na mimba ya pili milango inapangwa upya, hakuna atakayekwambia wa nne nshaupita. Usinambie Mungu atajaalia. Akili nayo ni yeye aliyeijaalia.

Ukiolewa na mtu baki, huenda nusu ya watoto wako wakawa na kishungi, na mmoja wao akawa haitiki akiitwa. Huyo mlee. Mtoto hafi kwa uziwi. Mfundishe lugha ya ishara, mweke upande unaosikia, na mkono wako uutie mfukoni. Na ukitaka Nassor kwa vyovyote vile, nendeni wawili kwa daktari kabla ya nikaha, mkae mwambiwe yote, maamuzi mfanye wenyewe, kuzaa au kutozaa, na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Hapo sitaingia. Nisichokubali ni nyinyi kukutana kitandani na vichwa vilivyofichwa halafu mkacheka.

Wala sitakwambia ntakunyima radhi. Wazazi wa mji huu radhi wameigeuza fimbo, na fimbo mie nshakupiga nayo ya kutosha. Radhi yangu unayo ukiolewa naye na unayo usipoolewa naye.

Sasa mkoba wako. Pakti za piko ulizozifungia ndani ya kanga ya njano nimezitoa. Nimezikata kwa mkasi moja moja, nikazimwaga chooni na ndoo mbili za maji, na mswaki nimeuvunja. Mara ya mwisho kukupaka ilikuwa kwa ajili ya posa, na mizizi imeshatoka upana wa kidole. Utafika Dar nayo hivyo. Nami asubuhi niliosha kichwa changu na sijapaka. Ukirudi leo utaona, na nakuomba usiseme kitu.

Nassor nilimwambia maneno machache kabla hajatoka jikoni. Nilimwambia tangu leo usinyoe, acha ziote, na siku Salha atakaposhuka kwenye boti uje kumpokea kichwa wazi. Alisema "Inshallah, mama mdogo." Ile inshallah ya wanaume unaijua. Sijampigia kumkumbusha, na nakuonya na wewe usimpigie. Tangu siku ile zimekwisha kuota za kutosha kuonekana kutoka mbali.

Kwa hiyo kesho ukishuka, kabla ya salamu, kabla hujampa mkoba akubebee, mtazame kichwani. Akiwa kichwa wazi na kishungi chake, vua mtandio kidogo mbele naye akuone, halafu zungumzeni, mna mengi. Akiwa na kofia, usigombane naye, usimuulize. Kata tiketi ya kurudi na boti ileile. Komeo ntaliacha wazi. Kazi zimejaa hapa, na kama hazipo, utanisaidia kukoroga hina.

Ntakuja kukusindikiza mpaka bandarini, na tutagombana njiani kama kawaida yetu, mzigo au nauli au jua. Pale mlangoni kabla hujaingia ntakukumbatia. Nimezaliwa mashoto, kwa hiyo mdomo wangu utaangukia sikio lako la kushoto, lile lisilosikia, na ntasema kitu. Nimekaa nacho siku nyingi na sina ujasiri wa kukisema upande wa pili. Utahisi pumzi tu. Usigeuze kichwa, na usiniulize nimesema nini.

Mama yako,
Mwanakheri